Gereji ya Changamwe: injini ilitengenezwa vizuri, gari likazuiwa

Gereji ninayoitathmini hapa iko upande wa Changamwe, katika mojawapo ya vichochoro vinavyoachana na barabara kuu ya kwenda Nairobi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mgogoro wetu ulimalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini na pande zote mbili. Ukiwauliza madereva wa Mombasa kuihusu, utapewa sifa mbili ambazo mwanzoni zinaonekana kupingana: kwamba mafundi wake ni hodari kuliko wengi wa kisiwani, na kwamba gari likishaingia humo, kulitoa ni kazi nyingine. Nimezithibitisha zote mbili, na ile ya pili ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya tathmini hii, kwa sababu wengi wanaofikwa na jambo hilo hulipa tu ili waondoke bila kujua kwamba sheria ya Kenya iko upande wao kwa kiasi kikubwa.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa inastahili haki yake. Gari langu ni Toyota Vitz ya miaka mingi, na injini yake ilikuwa ikipanda joto kila nilipokwama kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambapo gari hunguruma juani bila kusogea. Fundi mkuu alifungua kifuniko cha oili akanionyesha kwamba maji yalikuwa yamechanganyika na oili hadi ikawa na rangi ya chai ya maziwa, kisha akanieleza kwa utulivu kwamba hedi gasketi imeungua na redieta imeziba kwa kutu. Hedi ilitolewa ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine, gasketi mpya ikawekwa na redieta ikasafishwa. Tangu siku hiyo mshale wa joto haujapanda, hata wakati wa kaskazi. Makadirio niliyopewa yalikuwa shilingi 38,000 pamoja na spea na ufundi; nilitoa arbuni ya 20,000 na kumalizia 18,000 nilipoarifiwa kwamba gari liko tayari, zote kwa M-Pesa kupitia nambari ya till ya gereji.

Nilipokwenda kulichukua ndipo nikaambiwa kwamba kuna nyongeza ya shilingi 14,000, ya pampu ya maji na thamostati ambazo mafundi waliona vyema kuzibadilisha wakati injini iko wazi, na kwamba mpaka nilipe, gari litakuwa likihesabiwa ada ya maegesho kila siku. Hakuna aliyekuwa amenipigia simu kuniuliza kuhusu spea hizo. Kijana wa mapokezi alizungumza kwa adabu zote za Kipwani: "Mama, sisi hatuna ubaya na wewe, lakini utaratibu wa gereji ndio huo." Ufunguo ukarudishwa kwenye droo.

Hapa inafaa mtu aelewe gereji inasimama juu ya haki gani inapouzuia ufunguo, kwa sababu haki hiyo ipo na si ya kubeza. Kwa kanuni ya kale ya sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, ambayo mahakama zetu bado huitumia, fundi aliyetengeneza kitu ana ruhusa ya kukishikilia mpaka alipwe ujira wa kazi aliyoifanya juu ya kitu hichohicho. Ruhusa hiyo imefungwa kwa deni: deni likilipwa, au mwenye mali akitoa malipo kamili na fundi akakataa kuyapokea, haki ya kushikilia inakoma papo hapo, na kuanzia hapo fundi anazuia mali ya mtu bila haki. Aidha, haki hiyo haihusu kazi ambayo mwenye mali hakuiagiza wala kuidhinisha. Fundi hawezi kujitengenezea deni kwa kubadilisha spea kwa hiari yake, halafu akalitumia deni hilo kama kufuli.

Kwa magari, suala hili halikuachiwa kanuni za kale pekee. Sheria ya Kuwalinda Wateja, nambari 46 ya mwaka wa 2012, ina sehemu mahususi kuhusu ukarabati wa magari. Inamtaka mwenye gereji atoe makadirio kabla ya kazi, na inamzuia kudai kiasi kinachozidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10, isipokuwa mteja amekubali kazi ya ziada na bei yake. Kwa makadirio yangu ya 38,000, hesabu ni nyepesi: gereji ingeweza kunidai hadi 41,800, yaani nyongeza ya 3,800, na chochote kilichozidi hapo kilihitaji idhini yangu. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye gereji ajitolee kumrudishia mteja spea zilizotolewa kwenye gari. Inahesabu pia kwamba amezidhamini spea mpya alizoweka, pamoja na ufundi wa kuziweka, kwa angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Spea zangu za zamani sikuziona. Nilipoziulizia niliambiwa zimekwenda na mwenye vyuma chakavu, jibu ambalo lilinitia shaka kuliko ile nyongeza yenyewe, kwa sababu pampu ya maji iliyokufa ndiyo ingekuwa ushahidi bora wa gereji kwamba ilihitaji kubadilishwa.

Kuhusu ada ya maegesho, msimamo wangu ni mkali zaidi. Anayelishikilia gari kwa ajili ya deni lake analishikilia kwa manufaa yake mwenyewe, na kanuni ya kawaida ni kwamba hawezi kumtoza mwenye gari gharama za kulihifadhi katika muda huo, isipokuwa walikubaliana tangu mwanzo. Kwenye karatasi niliyotia saini siku ya kulipeleka gari hapakuwa na neno lolote kuhusu maegesho. Kibao cha ada hizo, nilichoonyeshwa baadaye, kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi ambao wakati wote huachwa wazi, kwa hiyo anayeingia hawezi kukisoma.

Siku chache baadaye nilitumiwa ujumbe kwamba nisipolichukua gari litauzwa. Tishio hili husikika sana, na huwatisha watu kwa sababu wameona kwenye magazeti matangazo ya magari yanayopigwa mnada katika yadi. Sheria inayohusika ni ile ya uuzaji wa mali isiyochukuliwa na wenyewe, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya, nayo imekusudiwa kumsaidia fundi aliyeachiwa mali na mtu asiyerudi. Ina utaratibu wake, na matangazo yale unayoyaona ndiyo sehemu ya utaratibu huo: mwenye mali hupewa ilani na siku 30 za kuja kuchukua kilicho chake kabla ya mnada, na hela za mauzo huelekezwa kwenye madeni yanayodaiwa. Mtu aliyesimama mlangoni akiomba gari lake, na ambaye risiti zake ziko mkononi, hajaliacha. Fundi akiliuza gari la mtu wa namna hiyo bila kufuata sheria, atakuwa ametoka katika mgogoro wa madai na kuingia katika eneo la jinai.

Mpaka huo ndio unaoeleza kwa nini polisi huwakatisha tamaa wengi. Nilikwenda kituoni, nikasikilizwa, tukio likaandikwa nikapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha nikaambiwa kwamba hiyo ni kesi ya madai. Wengi hulalamikia jibu hilo, lakini mimi naliona ni sahihi: maadamu gereji inadai deni, hata deni lisilo halali, na gari bado liko pale uani, ni vigumu kuonyesha nia ya wizi. Hali inabadilika iwapo gari limeuzwa, spea zake zimeng'olewa na kuingizwa kwenye magari mengine, au limegeuzwa la kubebea abiria jioni. Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, zinahesabu kuwa ni wizi mtu anapoigeuza mali ya mwenzake kuwa yake kwa hila, hata kama aliipokea kwa njia halali, na adhabu ya jumla ya wizi ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Kwa hiyo nambari ya OB ihifadhiwe. Inaweka tarehe ambayo mwenye gari alisema jambo lake, na siku gari likitoweka itakuwa na kazi.

Jirani yangu mmoja alinishauri niende kwa Kadhi, kwa kuwa mimi na mwenye gereji ni Waislamu. Ushauri ulikuwa wa nia njema, lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeziwekea mahakama za Kadhi mipaka ya masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Gari lililozuiwa gerejini halimo. Chifu na wazee wa mtaa wanaweza kupatanisha, na kwa kitu kidogo kama pasi au redio ningeanzia huko. Wasichoweza ni kutoa amri inayomlazimisha mtu.

Wapo waliopendekeza njia za mkato. Kijana mmoja alijitolea kulitoa gari usiku kwa ufunguo wangu wa akiba, jambo nililolikataa, kwa kuwa ikionekana baadaye kwamba gereji ilikuwa na haki hata ya shilingi moja, mimi ndiye nitakayekuwa najieleza. Njia ambayo ningeifikiria kama gari lingekuwa ndilo riziki yangu, kwa mfano teksi au gari la kusambazia mikate, ni kulipa kwa pingamizi: unalipa kiasi chote kinachodaiwa, unaandika kwenye risiti na katika ujumbe kwamba unalipa ili kupata mali yako na hukubali kwamba deni ni halali, unaondoka na gari, kisha unadai urudishiwe. Mahakama huitambua njia hiyo, kwa sababu aliyelipa akiwa amebanwa kwa mali yake hahesabiwi kuwa amelipa kwa hiari. Ubaya wake ni kwamba unahitaji kuwa na hela hizo kwanza, na kwamba ukisahau kuandika pingamizi, mwenye gereji atasema mlikubaliana.

Mimi nilianza na barua ya madai. Niliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikataja nambari ya usajili wa gari, tarehe ya makadirio, kiasi cha makadirio na malipo yote mawili na nambari zake za M-Pesa. Niliahidi kulipa 3,800 zaidi pale gari litakapokabidhiwa, nikakataa maegesho, nikataka gari ndani ya siku saba, na nikaeleza kwamba baada ya hapo nitakwenda mahakamani. Barua ya namna hii haiko kwa ajili ya kutisha tu. Katika madai ya kuzuiliwa mali, mdai huonyesha kwamba aliomba mali yake waziwazi na akakataliwa. Bila ombi hilo, mdaiwa anaweza kusema kwamba hakuna aliyemnyima mtu chochote. Nakala moja iligongwa muhuri wa gereji na kutiwa saini na aliyeipokea, nyingine niliituma kwa WhatsApp. Asiyeweza kuandika barua kama hiyo anaweza kusaidiwa na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria ambalo lina ofisi Mombasa.

Siku saba zikapita kimya, nami nikaanza kutayarisha kesi. Hapo nilikutana na swali ambalo sikulitarajia: namshtaki nani? Jina lililoandikwa kwenye ukuta wa gereji kwa rangi nyekundu si mtu wala si kampuni. Msaada ulipatikana kwenye ujumbe wa M-Pesa, ambao baada ya kulipia till huonyesha jina lililosajiliwa, na jina hilo lilikuwa tofauti kabisa na lile la ukutani. Kwa jina hilo unaweza kuomba taarifa za usajili wa biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukawajua wenyewe. Leseni ya biashara ya kaunti, ambayo hutakiwa kuonekana dukani, nayo hutaja aliyepewa. Nashauri kila mtu apige picha ya leseni hiyo siku ya kwanza, wakati bado anatabasamu na kukaribishwa kiti.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, ndiyo mahali pa mambo kama haya, na Mombasa inayo. Mipaka yake inafahamika vizuri: madai yasizidi shilingi 1,000,000, kiwango kilichopandishwa mwaka wa 2020 kutoka 200,000. Miongoni mwa mambo inayoyasikiliza, sheria imetaja waziwazi mikataba ya bidhaa na huduma, pamoja na kurudishwa kwa mali inayohamishika. Kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, Kiswahili kinakubaliwa, na mwamuzi hafungwi na masharti magumu ya ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa simu na picha za risiti vinasikilizwa bila mlolongo mrefu. Anayetaka kukata rufaa huenda Mahakama Kuu, na huko hoja ni za kisheria tu. Hati huwasilishwa kwa mtandao, na asiyezoea kompyuta atasaidiwa kwenye saiba yoyote ya mjini.

Jambo la kuangalia ni thamani. Kama unachodai ni gari lenyewe, thamani ya gari ndiyo ya kuhesabu wala si ile nyongeza inayobishaniwa. Vitz yangu kuukuu haifiki milioni moja, lakini mwenye gari la bei kubwa zaidi atalazimika kwenda mahakama ya hakimu, ambako kima cha juu huanzia shilingi milioni 5 kwa hakimu mkazi na kufikia milioni 20 kwa hakimu mkuu, na ambako mwendo ni wa taratibu zaidi. Katika hati ya madai niliomba gari lirudishwe au nilipwe thamani yake, kisha nikaongeza nauli za teksi na tuktuk kwa muda wote niliokaa bila gari, risiti zikiwa zimeambatishwa. Muda wa kushtaki si mfupi: miaka sita kwa mkataba, mitatu kwa madhara yasiyotokana na mkataba. Hata hivyo anayengoja atakuta matairi yamelala na betri imekufa, kwa hiyo sioni faida ya kuutumia muda huo wote. Na kama hukumu ingetolewa wakaipuuza, hatua inayofuata ni kuomba itekelezwe, ambapo dalali wa mahakama anaweza kukamata mali ya mdaiwa.

Haikufika huko. Hati zilipowafikia, mwenye gereji mwenyewe alinipigia simu, mara ya kwanza kumsikia tangu mambo yaanze, naye alikuwa mtu mzima mwenye kauli ya upole ambaye, kwa maelezo yake, hakuwa amearifiwa kuhusu barua yangu. Tulikubaliana nilipe 3,800, nichukue gari siku hiyohiyo, maegesho yafutwe, na wao wabebe nauli zangu nusu. Makubaliano yaliandikwa na kuwasilishwa mahakamani ili yawe amri, hatua ambayo nilisisitiza kwa kuwa ahadi ya simu haitekelezwi na dalali yeyote. Gari lilikuwa limeoshwa. Mafuta yalikuwa pungufu kuliko nilivyoyaacha, nami sikuona haja ya kufungua ukurasa mpya kwa hilo.

Kwa kazi ya injini, gereji hii naipa nne kati ya tano, na nusu ya alama niliyobakiza ni kwa ajili ya spea za zamani zilizopotea. Fundi mkuu anajua kazi yake na hueleza bila kumdharau asiyejua. Kwa utunzaji wa mali ya mteja naipa moja. Makadirio huandikwa kwenye karatasi isiyo na muhuri wala nafasi ya kuonyesha kazi ya ziada iliyoidhinishwa, simu za kuomba idhini hazipigwi, na wafanyakazi wa mapokezi wamepewa droo ya funguo bila kupewa mamlaka ya kuamua lolote, kwa hiyo kila shauri linamsubiri mwenye gereji ambaye haonekani. Bei za spea ni za kawaida kwa Mombasa. Mahali pa kusubiri pana kivuli na maji ya kunywa.

Anayetaka kuwapelekea gari kwa sababu ya ufundi wao afanye hivyo, ila aandike kwa mkono wake chini ya makadirio, kabla ya kutia saini: kazi yoyote ya ziada iidhinishwe kwa ujumbe wa simu, spea za zamani zirudishwe, maegesho hayatozwi. Mimi niliandika maneno hayo niliporudi juzi kwa ajili ya breki, kijana wa mapokezi akayasoma mara mbili, akaingia ndani kuuliza, akarudi akagonga muhuri. Pedi za zamani nilikabidhiwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ufunguo.